Usafiri wa anga: Tuhesabu safari, tusihesabu miji

Novemba 29, 2012 shirika la ndege la fastjet lilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Mwanza anayefuata mzigo Kariakoo, hilo halikuwa jambo dogo. Aliweza kukaa chini na kulinganisha tiketi ya ndege na tiketi ya basi, ulinganisho ambao miaka ya nyuma ungechukuliwa kuwa mzaha. Aliyepanda ndege ya asubuhi alifika Kariakoo kabla maduka hayajachangamka, akachagua vitambaa, akakabidhi mzigo kwa wasafirishaji, na kesho yake akafungua duka lake. Mwenzake wa basi wakati huo alikuwa bado ananyoosha miguu stendi.

Mwishoni mwa 2018 huduma hiyo ilisimama hapa nchini. Ndani ya miaka sita shirika lilikuwa limeifikia Mbeya na Zanzibar, kisha likavuka mipaka kwenda Johannesburg, Lusaka, Harare, Entebbe, Nairobi na Lilongwe. Lilitaka kuwa shirika la nauli nafuu la Afrika nzima. Liliposimama zikazuka hoja nyingi vijiweni, nyingine za kisiasa, na kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba nauli nafuu ya ndege haiwezekani katika nchi kama yetu.

Hatukubaliani na hoja hiyo, lakini hatuna haja ya kufufua ugomvi wa zamani. Tunataka kuangalia namna kazi hii ilivyofanywa na shirika lililoanza na miji mitatu ndani ya jimbo moja na leo ni miongoni mwa mashirika manne makubwa zaidi ya Marekani. Ni Southwest Airlines la Texas. Mkulima na mchuuzi wanaweza kujiuliza linawahusu nini. Wavumilie kidogo, maana mahesabu yake hayatofautiani sana na ya Fuso au ya genge la nyanya.

Shirika hilo liliandikishwa mwaka 1967 na mfanyabiashara Rollin King pamoja na mwanasheria Herb Kelleher. Mpango ulikuwa kuunganisha Dallas, Houston na San Antonio, pembetatu ya miji mikubwa ya Texas, na kuishia hapo. Sababu ilikuwa ya kisheria. Enzi hizo bodi ya serikali ya shirikisho ndiyo iliyopanga njia na nauli za ndege zinazovuka mipaka ya majimbo. Shirika lisilotoka nje ya jimbo halikuwa chini ya bodi hiyo, hivyo lingeweza kujipangia bei. Mashirika makongwe, likiwamo Braniff, yaliona hatari mapema yakakimbilia mahakamani. Kesi zilichukua zaidi ya miaka mitatu na kula mtaji uliokusanywa, hata wanahisa wakataka kukata tamaa, na Kelleher akakubali kuendelea na kesi bila kudai malipo yake. Ndege ya kwanza iliruka Juni 18, 1971. Zilikuwa ndege tatu tu, zote Boeing 737, na nauli ilikuwa dola 20.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya hasara. Ndege ziliruka na viti vitupu, kama mabasi ya msimu wa mvua. Ila kuna mambo mawili yaliyotokea katika kipindi hicho cha dhiki ambayo ndiyo yaliyolijenga shirika zima, na tunaomba msomaji ayatazame kwa makini.

La kwanza ni safari ya Ijumaa usiku. Ndege moja ilikuwa ikirudi Dallas kwa ajili ya matengenezo ya mwisho wa wiki, haina abiria hata mmoja. Mafuta yanaungua, rubani analipwa, mapato hakuna. Novemba 1971 meneja mkuu, Lamar Muse, aliamua kuuza viti vya safari hiyo kwa dola 10. Vikajaa. Ndipo walipotambua kuwa wana wateja wa aina mbili: mtu wa biashara anayetaka kufika asubuhi, ambaye hajali kulipa zaidi, na mtu wa kawaida ambaye yuko tayari kusubiri usiku au mwisho wa wiki ilimradi bei iwe ndogo. Wakaweka bei mbili, dola 26 kwa saa za kazi na dola 13 kwa jioni na mwisho wa wiki. Mama anayeuza nyanya sokoni hahitaji kufundishwa jambo hili. Fungu la asubuhi lina bei yake na fungu la saa kumi na mbili jioni lina bei yake, kwa sababu nyanya isiyouzwa leo kesho ni takataka. Kiti cha ndege huoza upesi kuliko nyanya. Mlango ukishafungwa, kimeoza.

La pili lilitokea mwaka 1972. Shirika lilikuwa limeongeza ndege ya nne, lakini fedha zilikauka na ikabidi iuzwe. Kwa kawaida ukipunguza gari unapunguza safari na kuachisha watu kazi. Wao waliamua kubaki na ratiba ileile kwa ndege tatu, na njia pekee ilikuwa kuhakikisha ndege haikai chini zaidi ya dakika 10 kati ya kutua na kuruka tena. Wahudumu wakasafisha wakati abiria wanashuka, marubani wakasaidia mizigo, hakuna aliyesema kazi hii si yangu. Tangu hapo kugeuza ndege haraka kukawa ndiyo siri yao, ingawa haikuwa siri hata kidogo, kwani kila aliyesimama pale uwanjani aliiona.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umekopa Fuso na marejesho ni shilingi milioni mbili kwa mwezi. Ukipiga safari nne kwa mwezi, kila safari imebeba mzigo wa shilingi 500,000 za benki kabla hujaweka hata lita moja ya mafuta. Ukipiga safari nane, mzigo huo unashuka hadi 250,000. Gari ni lilelile, benki ni ileile, dereva ni yuleyule. Sasa unaweza kumtoza mwenye viazi nauli ndogo kuliko jirani yako na bado ukabakiwa na kitu. Anayeshusha nauli bila kuongeza safari anakula mtaji wake, na hilo ndilo linalowaangusha wengi wanaoingia katika biashara ya bei nafuu, angani na barabarani.

Mwaka 1973 Braniff lilijaribu kulimaliza Southwest kwa kushusha nauli ya Dallas na Houston hadi dola 13, nusu ya bei. Southwest likawaambia abiria wake wachague: walipe dola 13, au walipe dola 26 kamili na kupewa chupa ya kinywaji kikali. Wafanyabiashara waliokuwa wakirudishiwa nauli na waajiri wao walichagua chupa. (Waajiri hawakuulizwa.) Mwaka huohuo shirika likapata faida yake ya kwanza, na halikupata hasara ya mwaka hata mmoja hadi lilipokuja janga la korona mwaka 2020. Hiyo ni miaka 47 mfululizo.

Baada ya hapo ndipo upanuzi ulipoanza, na haukuanza kwa kishindo. Mwaka 1975 walikwenda Harlingen, kusini kabisa mwa Texas katika bonde la mto Rio Grande, eneo la mashamba ya machungwa, mabalungi na mbogamboga. Idadi ya wasafiri wa angani katika bonde hilo ikaongezeka zaidi ya mara mbili, kwa sababu walioingia kwenye ndege hawakuporwa kutoka shirika lingine. Wengi ni watu ambao zamani walikwenda kwa gari au hawakwenda kabisa. Mwaka 1977 ikafuata miji mingine ya humohumo Texas kama Austin, Lubbock, El Paso na Corpus Christi. Angalia wanachofanya. Mji wa nne ukiunganishwa na mitatu ya mwanzo unazaa njia tatu mpya, huku ofisi, mafundi na jina vikiwa tayari katika miji mitatu kati ya minne. Gharama mpya iko upande mmoja tu wa njia. Ni sawa na mkulima anayenunua ekari inayopakana na shamba lake, akaacha ile ya bei rahisi iliyo wilaya ya tatu.

Kisha likaja jaribu kubwa. Oktoba 24, 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyofungua soko la ndege Marekani, na kwa hiyo yeyote mwenye ndege angeweza kuomba njia na kupewa. Yalipotokea hayo, Braniff na Southwest wakafanya mambo mawili tofauti kabisa. Desemba 15 mwaka huohuo Braniff lilifungua miji mipya 16 na njia mpya 32 kwa siku moja. Magazeti yalijaa picha na ramani zilijaa mistari. Southwest lilisubiri hadi Januari 25, 1979, likafungua njia moja tu nje ya Texas, kutoka Houston kwenda New Orleans, katika jimbo jirani la Louisiana. Mei 1982, chini ya miaka minne tangu siku ile ya miji 16, Braniff lilisimamisha ndege zake zote na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mafuta yalikuwa yamepanda na uchumi ulikuwa umedorora, ni kweli, lakini mambo hayo yaliwapata wote wawili.

Tunalitaja hili kwa sababu hapa kwetu bado tunapima ukubwa wa biashara kwa idadi ya matawi. Mwenye duka la pembejeo akipata msimu mmoja mzuri anafungua maduka manne katika wilaya nne, kila moja na muuzaji asiyemjua na mbolea ya mkopo. Msimu wa tatu anauza kiwanja kulipia madeni. Southwest liliingia Los Angeles na San Diego mwaka 1982, Chicago mwaka 1985, Baltimore mwaka 1993, Florida mwaka 1996, Philadelphia mwaka 2004, na Hawaii mwaka 2019. Kutoka Texas hadi pwani ya mashariki ilichukua miaka 22. Lilipoingia mji halikuja na ndege mbili kwa wiki. Lilikuja na safari kadhaa kwa siku, ili mtu akikosa ya asubuhi apate ya mchana, na ili wafanyakazi wa kiwanja kile wasishinde wamekaa.

Wala haikuwa rahisi nyumbani. Wanasiasa wa upande wa uwanja mpya mkubwa wa Dallas/Fort Worth walipitisha sheria, iliyopewa jina la mbunge Jim Wright, iliyozuia ndege za uwanja mdogo wa Love Field kwenda mbali zaidi ya majimbo manne yanayopakana na Texas. Kizuizi hicho kilidumu hadi Oktoba 2014. Shirika likajifunza kujenga mtandao usiotegemea makao yake makuu. Ndege iliunganisha mji na mji moja kwa moja, bila kumpeleka kila abiria kwanza Dallas. Tena lilipenda viwanja vya pembeni ambavyo wakubwa walividharau, kama Midway mjini Chicago, ambako foleni ya kuruka ni fupi na ada ni ndogo.

Njia nyingine ya kukua ni kununua mwenzako, na hapa Southwest lenyewe liliwahi kuungua. Mwaka 1985 lilinunua Muse Air, shirika lililotumia ndege za aina nyingine, likaliendesha peke yake na kulifunga mwaka 1987. Mwaka 1993 lilinunua Morris Air la Salt Lake City, ambalo nalo lilitumia Boeing 737, na mara moja likapata njia za kaskazini magharibi ya Marekani bila kufundisha marubani upya wala kujaza ghala vipuri vya aina mbili. Liliponunua AirTran mwaka 2011 likapata Atlanta, lakini pamoja nayo likapata ndege za Boeing 717 zisizofanana na zake. Likazikodisha kwa Delta. Anayefuga ng'ombe wa maziwa na akauziwa punda kwenye fungu moja ataelewa.

Hatusemi shirika hili ni la malaika. Desemba 2022 dhoruba ya baridi iliposhuka, ule mtandao wa mji kwa mji ulifumuka, na programu za zamani za kuwapanga marubani na wahudumu zikashindwa hata kujua nani yuko wapi. Safari karibu 17,000 zilifutwa ndani ya siku kumi hivi na abiria zaidi ya milioni mbili wakaathirika, wengi katika siku za Krismasi. Serikali ikalitoza dola milioni 140. Miaka mingi ya kuahirisha kununua mitambo mipya ilidaiwa yote kwa mkupuo. Na tangu Mei 2025 limeanza kuwatoza abiria wengi mzigo wa kwanza na wa pili, jambo lililokuwa limejitapa kutolifanya. Gharama zimelifikia nalo.

Turudi nyumbani. Majirani zetu wa Kenya wanayo Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza Aprili 2014 kwa kuunganisha Nairobi na Mombasa, Kisumu na Eldoret. Ilianza na Boeing 737, kisha ikahamia kabisa kwenye ndege za pangaboi za Dash 8-400, aina moja, zinazoweza kutua Ukunda na Malindi. Hapa kwetu Air Tanzania ilifufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za aina hiyohiyo, baadaye zikaongezwa Airbus A220, Boeing 787, Boeing 737 MAX na 767 ya mizigo. Shirika la taifa lina majukumu ambayo shirika la nauli nafuu halina, kwa hiyo hatulipimi kwa kipimo cha Texas. Lakini kila aina ya ndege inadai fundi wake, rubani wake na ghala lake, na injini za A220 zilipoleta matatizo mwishoni mwa 2022 ilionekana jinsi ndege za aina nyingine zisivyoweza kuziba pengo kwa urahisi. Gharama hiyo huishia kwenye tiketi, au kwa mlipa kodi.

Mkulima naye asidanganywe. Ndege ya abiria ya nauli nafuu haitabeba mahindi ya Rukwa, na parachichi za Njombe zitaendelea kwenda Ulaya kwa kontena la baridi kupitia baharini. Faida yake kwa shamba ni ya mzunguko. Inamleta mnunuzi aone mzigo kwa macho yake kabla ya kumwachia dalali apange bei. Inaleta kipuri cha pampu, chanjo ya mifugo, sanduku la vifaranga wa siku moja. Vitu hivi vyote vina sifa moja, navyo havisubiri Jumanne. Ndege inayokuja mara mbili kwa wiki inamfaa mheshimiwa anayekwenda kikaoni. Mwenye vifaranga anahitaji ndege ya kila siku, ikiwezekana mbili.

Kila mkoa sasa unataka uwanja, na kila uwanja unapozinduliwa husifiwa kwa ukubwa wa jengo la abiria. Tunadhani swali la kwanza liwe taa. Kwa miaka mingi viwanja kadhaa vya mikoani vilifungwa jua linapozama kwa kukosa taa za kuongozea ndege, na ingawa baadhi vimeshawekewa, kazi haijaisha. Uwanja usio na taa unaifanya ndege ya mamilioni ya dola ilale saa kumi na mbili jioni kama kuku. Ile safari ya Ijumaa usiku ya dola 10, iliyofungua macho ya watu wa Texas, katika uwanja wa namna hiyo isingewezekana hata kufikiriwa. Kabla halmashauri na wizara hazijaongeza kioo na vigae kwenye majengo, ziweke taa, ziweke vifaa vya hali ya hewa kwa maeneo yenye ukungu, na ziangalie upya tozo za viwanja vidogo ili shirika lisilipe sawa linapotua Songea na linapotua Dar es Salaam.

Na wafanyabiashara, kupitia chemba na vyama vyao vya ushirika, shirika lolote litakapokuja kutangaza kituo kipya mkoani kwao, waulize mambo matatu kabla ya kupiga makofi: ndege itakuja mara ngapi kwa wiki, itakaa chini dakika ngapi, na shirika lina ndege ngapi za aina hiyo iwapo moja itaharibika. Majibu wayaandike, kisha wayalinganishe na ratiba baada ya miezi sita.